Acheni kutafuta taa: kontena ni la uyoga

Swali ni lile lile, na huja na picha kwenye simu: kontena la futi 20 limepakwa rangi nyeupe, ndani saladi imepangwa kwenye rafu ghorofa nne, na juu ya kila rafu zinawaka taa za zambarau. "Mtaalamu, nifunge za wati ngapi?" Wameniuliza vijana wa Pasua na Njoro hapa Moshi. Wameniuliza wastaafu wa Marangu waliobakiwa na kontena baada ya kujenga. Siku hizi vinaniuliza vikundi vinavyoandaa andiko la kuombea ile asilimia 4 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vijana, na hao ndio walionifanya niandike, kwa sababu mkopo unadaiwa hata saladi ikinyauka.

Naelewa wanakotoka. Kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, kimegawanywa kwa wana, kikagawanywa tena kwa wajukuu, na anayebaki na robo eka lazima afikirie kupanda kwenda juu badala ya pembeni. Wazo hilo ni zuri. Tatizo ni taa.

Watu wameishika rangi. Wanaamini zambarau ina nguvu ambayo mwanga wa kawaida hauna, na wauzaji wanaipamba imani hiyo. Ukweli wake ni mdogo: umbijani wa jani hunasa zaidi mwanga mwekundu na wa bluu, na ukizichanganya rangi hizo mbili macho yetu yanaona zambarau. Basi. Rangi haiongezi wingi wa mwanga, na mmea unaishi kwa wingi wa mwanga. Balbu ya wati 18 ya zambarau ni balbu ya wati 18. Mchana wa jua kali hapa Moshi mwanga wa nje hufika luksi 100,000. Siku ya mawingu mazito ya masika, ile ambayo mlima hauonekani kabisa, bado unaweza kupata 10,000. Sebule yenye taa nzuri usiku haifiki 500, lakini kwa kuwa mboni ya jicho hupanuka gizani, tunajiona tumekaa kwenye mwanga wa kutosha. Jani halina mboni ya kupanua.

Miche iliyooteshwa chini ya balbu hizo naitambua kabla sijaambiwa. Shina ni jembamba kama uzi, jeupe karibu na udongo, na limeshafika urefu wa kidole kabla jani la kwanza la kweli halijafunguka. Majani mawili ya mwanzo yamegeukia taa, rangi yake ni njano yenye ukijani wa mbali. Ukiupuliza mche, unalala na hauinuki. Mwenyewe huniambia kwa furaha kwamba inakua haraka. Haikui. Inarefuka kutafuta jua huku ikimaliza akiba iliyokuwa ndani ya mbegu, na wiki inayofuata ugonjwa wa kinyausi unaikata chini, trei nzima. Kisha mtu anarudi dukani kununua mbolea ya maji na dawa ya ukungu, mahali ambapo kilichokosekana ni jua.

"Basi nitanunua taa kubwa, zile za kitaalamu." Sawa, tupige hesabu. Kontena la futi 20 lina upana wa ndani wa mita 2.35 na urefu wa mita 5.9; ukiweka rafu pande mbili na kuacha njia ya kupita, kwa ghorofa tatu au nne utapata eneo la kupandia la mita za mraba 20 hivi. Saladi, ambayo ni mboga isiyo na makuu, kwa taa bora za LED inataka karibu uniti moja na nusu ya umeme kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hizo ni uniti 30 kila siku. Kwa bei ya kawaida ya Luku ya shilingi 356 hivi kwa uniti, pamoja na kodi na tozo, unawasha zaidi ya shilingi 10,000 kwa siku, na mzao mmoja unachukua siku 35. Ukivuna vizuri sana, tuseme kilo 75, kila kilo imeshabeba shilingi 5,000 za taa peke yake. Bado hujanunua mbegu, virutubisho wala pampu, na bado hujapoza joto la taa zenyewe. Nenda soko la Mbuyuni na karatasi hiyo, uilinganishe na bei ya fungu la saladi lililolimwa juani. Wa nyanya na hoho msiniulize. Mazao hayo yanataka mwanga mara mbili ya huo.

Hapo ndipo linapokuja jibu la sola. Paneli ya mita moja ya mraba inageuza kuwa umeme sehemu moja tu kati ya tano za jua linaloipiga, nyingine zinapotea. Betri na nyaya zinachukua chao. Taa nayo, hata iwe nzuri kiasi gani, inapoteza karibu nusu ya umeme kuwa joto. Mwishoni unahitaji kama mita mbili za paneli juani ili kumulika mita moja ya saladi gizani. Mita hizo mbili ungezipanda saladi moja kwa moja ungevuna mara mbili, bila betri. Tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 Januari hadi Desemba. Kontena la chuma kazi yake ya kwanza ni kulizuia jua hilo.

Kuna mahali kontena la taa lina haki yake. Mwaka 2018 Wajerumani walipeleka Antaktika kitalu kilichotengenezwa kwa makontena mawili ya futi 20, mradi wa EDEN ISS, karibu na kituo chao cha Neumayer III. Kwenye eneo la kupandia la mita za mraba 12.5 walivuna kilo 268 za mboga kwa miezi tisa na nusu, matango na nyanya zikiwemo, huku nje kukiwa na baridi inayoshuka chini ya nyuzi 40 hasi na giza la wiki nyingi. Watu wale hawakuwa na Mbuyuni. Penye masoko mambo ni mengine: kampuni ya Freight Farms ya Boston, iliyoanzishwa 2010 na kuwa maarufu duniani kwa kuuza makontena ya saladi, ilifilisika mwaka 2025. Bowery ya New York, iliyolima kwa taa kwenye majengo makubwa, ilifunga 2024. Walikuwa na wahandisi na mamilioni ya dola, na biashara bado iliwashinda. Kikundi cha vijana kumi chenye mkopo mmoja kina nini cha kuwazidi?

Kuhusu joto nitasema kwa ufupi. Paa la kontena hilo lina karibu mita za mraba 15, na jua la saa saba mchana linashusha takriban kilowati moja kwenye kila mita. Chuma cha milimita mbili hakizuii kitu. Likifungwa, ndani hupita nyuzijoto 50, wakati mbegu ya saladi huanza kugoma kuota ikivuka 30. Rangi nyeupe inasaidia mpaka vumbi la kiangazi litakapoifunika. Na hoja ya kwamba "sisi huku Kibosho ni baridi" haiokoi chochote, kwa kuwa kutoka mjini hadi vihamba vya juu hewa inapoa nyuzi chache tu, ilhali bati linalopigwa jua linachemka kulekule. Usiku wa Juni na Julai mambo yanageuka: mvuke unageuka maji kwenye paa la ndani na kudondokea majani hadi alfajiri.

Sasa kinachofaa. Weka ndani ya kontena kitu kisichohitaji jua, nacho ni uyoga, hasa wa aina ya mamama (oyster). Mali ghafi tunaitupa: majani makavu ya migomba, makapi ya maharage, mabua, majani ya mpunga kutoka Mabogini na Chekereni. Katakata vipande vya sentimita tano, loweka usiku kucha, pasteurisha kwa mvuke kwenye pipa, chuja mpaka ukikamua kiganjani yatoke matone machache tu, acha yapoe, changanya na mbegu safi, jaza mifuko. Wiki mbili hadi nne za giza, kisha mwanga wa kutosha kusoma gazeti, nyuzijoto 20 hadi 28, unyevu wa asilimia 80 hadi 90. Kilo moja ya mali ghafi kavu hutoa nusu kilo hadi kilo moja ya uyoga. Ukungu wa kijani ukionekana, mfuko huo utoke siku hiyo hiyo. Vikonyo vikirefuka na kofia zikibaki ndogo, hewa imekuwa nzito, ongeza matundu. Anza na mifuko michache kwenye banda la udongo na nyasi, ambalo kwa uyoga ni bora kuliko chuma na ni rahisi mno. Asiye na kontena asinunue kwa ajili hii.

Aliye nalo alitumie hivi. Liweke kivulini, chini ya migrevilea kama ipo, juu yake paa la pili la bati lililoinuliwa ili upepo upite katikati. Toboa matundu chini upande mmoja na juu upande wa pili, yafunike kwa neti ya mbu. Anayelazimika kununua atafute kontena la friji lililokufa mashine: kuta zake zina povu nene la kuzuia joto, na linaoshwa kwa urahisi. Sakafu ya mbao ya kontena la kawaida mara nyingi imetiwa dawa ya wadudu, na kibao cha chuma mlangoni hutaja dawa gani. Usiweke mfuko wa uyoga juu yake kabla hujaifunika. Anayetaka mboga azipande nje chini ya neti ya kivuli, kontena libaki stoo ya pembejeo. Majani ya shayiri ya trei kwa ng'ombe yanaota humo bila shida, ila usidanganyike na uzito: kilo moja ya mbegu inayogeuka kilo sita imeongezewa maji.

Vaeni barakoa wakati wa kuvuna, vumbi la uyoga linaumiza mapafu. Usiingize jiko la mkaa kupasha moto mifuko wakati wa baridi, hata kwa dakika chache, hewa yake inaua bila harufu. Na kwa kuwa milango ya kontena hufungwa kwa nje tu, fundi wa kuchomelea aweke komeo linalofunguka kwa ndani kabla mtu hajaanza kufanya kazi humo.