Taa za Ruta Zinawaka, Tawi Halipatikani

Mteja aliyekodi njia ya faragha ya kuunganisha ofisi na matawi yake, liwe duka, zahanati au chama cha akiba na mikopo, huenda siku moja akakuta taa zote za ruta ni za kijani ilhali tawi halipatikani. Akipiga simu, shauri la kwanza huwa lilelile: izime, kisha uiwashe. Kwa tatizo tunalolieleza hapa, shauri hilo hufaa mara chache.

Taa huonyesha tu kwamba waya uko hai. Ili ruta mbili zipeane habari za njia, sharti kwanza zitambuane kuwa majirani. Katika itifaki iitwayo OSPF, kila ruta humpigia mwenzake hodi, kwa kawaida kila baada ya sekunde 10. Zikipita sekunde 40 pasipo hodi kusikika, jirani huhesabiwa ametoweka na njia zilizopitia kwake hufutwa. Pande zote mbili hazina budi kulingana katika vipindi hivyo, namba ya eneo, na nywila kama ipo. Hitilafu yenye kuhadaa zaidi ni ya ukubwa wa pakiti: upande mmoja ukiruhusu baiti 1500 na mwingine 1400, hodi hupita vizuri, lakini mazungumzo hukwama pale ruta zinapoanza kubadilishana orodha za njia.

Kuna jambo jingine ambalo wateja wengi hawaelezwi. Ruta ya mtoa huduma haimhudumii mteja mmoja. Ndani yake mna majedwali pepe ya njia, kila mteja na lake, mfano wa nyumba ya kupanga: paa moja, milango mbalimbali. Ndiyo maana wateja wawili waweza kutumia anwani zilezile, tuseme 192.168.1.1, wasigongane. Lakini mlango wa mteja ukiingizwa katika jedwali lisilo lake, hodi zake hubishwa chumba kingine. Hapo suala si kukatika kwa huduma pekee, bali pia usiri wa taarifa. Aidha, katika baadhi ya ruta, kuhamishia mlango kwenye jedwali jingine hufuta anwani yake, na fundi asipoiandika upya, jirani hapatikani.

Majaribio nayo hupotosha. Fundi akituma pakiti za majaribio bila kulitaja jedwali la mteja, ruta hutafuta katika jedwali la jumla, na matokeo hayasemi lolote kuhusu njia ya mteja huyo.

Kwa hiyo tunamshauri mteja asibadilishe mipangilio ya ruta. Aandike saa tatizo lilipoanza na matawi yaliyoathirika, kisha amuulize mtoa huduma kwa maandishi: ruta jirani inaonekana? Ilitoweka saa ngapi? Jaribio lilifanywa ndani ya jedwali letu? Je, kulikuwa na matengenezo usiku uliotangulia? Ruta huweza kuweka kumbukumbu ya saa jirani alipopotea, na saa hiyo ndiyo ya kulinganishwa na muda wa kurejesha huduma ulioandikwa katika mkataba. Mteja adai namba ya lalamiko na kuitunza pamoja na majibu, kwani ataombwa vielelezo hivyo iwapo mtoa huduma atashindwa kulitatua na shauri likaletwa kwetu.