Maji kwanza, rangi baadaye: Jinsi ya kuchagua samaki wa kukaa pamoja tangini

MKAZI wa Tononoka, Mombasa, anayenunua samaki wa mapambo kwa kuvutiwa na rangi pekee yamkini atajuta kabla ya juma kumalizika.

Aghalabu mambo huenda hivi: samaki wanane wa rangi mbalimbali hutiwa katika tangi moja la kioo sebuleni, watoto wakafurahi. Siku ya tatu, mmoja hayupo, wa pili ameraruliwa mkia na wa tatu anaelea ubavu juu.

Mwenye tangi hulaumu chakula au aliyemuuzia, ilhali mara nyingi kosa lilitendeka pale alipokusanya mahali pamoja viumbe wasioweza kuishi pamoja.

Jambo la kwanza la kuzingatia si samaki bali maji. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake huwa na chokaa, mara nyingi na chumvi pia.

Maji ya mfereji nayo hutoka mbali, zikiwemo chemchemi za Mzima huko Tsavo, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki na chemchemi za Marere katika Kaunti ya Kwale. Fauka ya hayo, zipo familia zinazonunua maji kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa wachuuzi wa mikokoteni, bila kujua yalikotekwa.

Ipo njia rahisi ya kuyapima. Maji ambayo sabuni haitoi povu upesi ndani yake ni maji yenye madini mengi, na si kila samaki huyamudu.

Gapi na moli, ambao asili yao ni Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika Kusini, huyapenda maji ya aina hiyo. Moli huvumilia hata chumvi kiasi. Hawa ndio wanaomfaa anayeanza akiwa kisiwani.

Neoni tetra, yule mdogo mwenye mstari wa buluu unaong'aa, ametoka katika mito ya Amazon yenye maji laini. Akiwekwa pamoja na moli hawatapigana, lakini mmoja wao atakuwa akidhoofika kila siku kwa sababu maji yanayomfaa mwenzake hayamfai yeye.

Joto pia lina sehemu yake. Samaki wa dhahabu, ambao walifugwa kwanza nchini China, hupenda maji ya baridi kidogo. Hali ya hewa ya Mombasa hupasha maji ya tangi, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo hewa ya oksijeni inavyopungua ndani yake. Isitoshe, samaki hao huchafua maji sana, kwa hivyo hawafai kuchanganywa na gapi.

Kosa jingine ambalo watu wa Pwani hushawishika kulitenda ni kuokota samaki mwenye madoadoa baharini na kumtia katika tangi la maji baridi. Mwili wa samaki wa maji ya chumvi umeumbwa kupambana na chumvi. Akitiwa maji yasiyo na chumvi hufa upesi.

Jambo la pili ni ukubwa wa kinywa. Samaki anayeenea kinywani mwa mwenzake ni chakula, hata kama wamekaa pamoja kwa amani miezi miwili. Oska huuzwa akiwa na urefu wa kidole, kumbe akikomaa hufikia sentimita 30. Mnunuzi sharti aulize samaki atakuwa na ukubwa gani, si ukubwa alio nao leo.

Jambo la tatu ni tabia. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na usemi huo unawafaa beta, samaki wapiganaji wenye asili ya Thailand. Madume wawili wa beta wakikutana watapigana hata mmoja afe. Hata dume mmoja anaweza kumshambulia gapi mwenye mkia mrefu akidhani ni mshindani wake.

Mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Malawi, hupenda maji yenye madini mengi lakini ni wakali na hulinda maeneo yao. Wanahitaji tangi kubwa lenye mawe na mapango mengi, na wakae peke yao.

Hata samaki wadogo wa madimbwi ya msimu ya Pwani ya Kenya na Tanzania waitwao kitaalamu Nothobranchius palmqvisti, ambao mayai yao husubiri mvua ndani ya tope lililokauka, hufaa wapewe tangi lao. Madume yao husumbuana mno.

Jambo la nne ni idadi. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 30 hubeba takriban lita 54. Kanuni ya tahadhari ni lita 2 kwa kila sentimita ya samaki aliyekomaa. Kwa hivyo gapi sita wanatosha: madume wawili na majike wanne, ili majike wasisumbuliwe kupita kiasi. Kwa kuwa jike huzaa takriban kila baada ya wiki nne, asiyetaka uzazi anunue madume matupu.

Maji ya mfereji yaachwe katika ndoo wazi kwa saa 24 ili klorini ipungue. Samaki wachache watangulie, na wengine waongezwe baada ya wiki kadhaa, maadamu bakteria wanaoondoa sumu ya kinyesi huchukua muda huo kuongezeka.

Anayechoka na samaki wake asiwatupe mtaroni wala mtoni. Sangara alipotiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, ilidhaniwa kwamba ziwa lingenufaika. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno, na inakadiriwa kwamba takriban aina 200 za furu, samaki wadogo wasiopatikana kwingineko, zilitoweka, uchafuzi wa maji nao ukichangia.

Aliyekosea tangini mwake bado anaweza kumhamisha samaki mmoja hadi tangi jingine au kumrudisha alikomnunua. Waliokosea ziwani hawakuwa na nafasi hiyo.