Jinsi Ndege Inavyoujua Wima Wake: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza ilielezwa jinsi upeo bandia, yaani chombo kinachomwonyesha rubani kama ndege imelala upande na kama pua yake imeinuka au imeinama, ulivyomsaidia James Doolittle kuruka na kutua bila kuona nje huko Mitchel Field, New York, tarehe 24 Septemba 1929. Chombo kile kilitegemea gurudumu lililozungushwa kwa kasi kubwa, ambalo, kama pia, hukataa kubadili mwelekeo wa mhimili wake.

Katika ndege nyingi ndogo za siku hizi gurudumu hilo limeondolewa, na mahali pake pamewekwa vihisi vidogo vya silikoni vya aina mbili: jairo, ambazo hupima ndege inageuka kwa kasi gani, na vipimamchapuko, ambavyo huhisi uvutano wa dunia pamoja na kila badiliko la mwendo. Kompyuta hujumlisha mageuko yote yaliyopimwa na jairo ili ipate mkao wa ndege. Lakini kila jairo ina kosa lake dogo, na kosa hilo likijumlishwa sekunde baada ya sekunde hukua hadi kioo kikaonyesha mlalo usiokuwapo. Kwa hiyo kompyuta huhitaji kusahihishwa kila mara kwa kuambiwa chini ni wapi, na shahidi wake katika jambo hilo ni kipimamchapuko.

Shahidi huyo husema kweli ndege inapokwenda moja kwa moja bila kubadili kasi. Ikiwa ndege inakwenda mita 100 kwa sekunde na kugeuka nyuzi 3 kwa sekunde, mgeuko ambao hukamilisha duara kwa dakika 2, huzuka mchapuko wa kuelekea katikati ya duara wa takriban mita 5.2 kwa sekunde mraba, na rubani stadi huilaza ndege kiasi cha nyuzi 28. Uvutano na athari ya mchapuko huo vikiungana, jumla yake huelekea sakafuni hasa, hivyo kipimamchapuko hushuhudia kwamba ndege imenyooka, sawa na ambavyo angeapa abiria aliyefumba macho. Kompyuta haiwezi kuuondoa mchapuko huo katika hesabu isipokuwa inaijua kasi ya ndege, na njia nyepesi ya kuijua ni mawimbi ya setilaiti za GPS, zinazozunguka kilomita 20,200 hivi juu ya dunia.

Hapo ndipo utegemezi ulipoingia, tena kimyakimya. Mawimbi hayo hufika yakiwa dhaifu mno, kiasi kwamba mtambo mdogo wa redio waweza kuyafunika. Mnamo Juni 2016, majaribio ya kuvuruga GPS yalipopangwa karibu na China Lake, California, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliwatahadharisha marubani wa ndege aina ya Embraer Phenom 300 waliepuke eneo hilo na waiangalie kwa makini mifumo ya kuongozea ndege.

Mifumo mingi ina njia ya akiba: GPS ikipotea, kasi huchukuliwa kutoka katika mrija wa pitoti, unaopima mgandamizo wa hewa inayoipiga ndege, na mwelekeo kutoka katika dira ya sumaku. Lakini mrija huo huweza kuziba kwa barafu, na barafu hutokea ndani ya mawingu, mahali ambapo upeo bandia unahitajika zaidi. Ndege kubwa za abiria, kuanzia kizazi cha Boeing 767 iliyoanza kazi mwaka 1982, zina jairo za leza, ambazo ni ghali lakini kosa lake ni dogo sana hata zinaweza kushika mkao bila setilaiti.

Kutumia setilaiti si kosa. Kosa ni kufunga vipimo viwili vya mkao na kukiita kimoja akiba ya kingine, ilhali vyote viwili hutegemea mawimbi yaleyale. Rubani na asome katika kitabu cha ndege yake, kabla ya kuingia mawinguni, ni kipimo kipi kitakachobaki GPS ikikatika. Sehemu ya tatu itahusu mawimbi ya kughushi, ambayo hayakizimi kioo bali hukifanya kiseme uongo.