Sheria za Wageni Nchini (Sehemu ya Tatu): Tengeru na Engare Nanyuki

Tangu Selemani Jafo, aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara, atoe amri ya Julai 2025 inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, wasomaji wananihimiza niache historia niingie sokoni. Nitaingia. Kwanza nimalize Meru, maana wiki iliyopita tuliishia kwa Makaburu waliogawiwa ardhi na Wajerumani, na bado hatujawagusa Wapolandi.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika kwa udhamini, Mjerumani alifungiwa mlango hadi 1925. Ulipofunguliwa, alirudi kwenye kahawa yake kana kwamba hapakuwa na vita. Mwenye mtaji hakosi njia.

Sasa mtazameni mgeni asiye na mtaji. Mwaka 1942 walianza kufika Tengeru, jirani na Ziwa Duluti, wakimbizi wa Kipolandi waliofikia kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Wasovieti walikuwa wamewahamishia Siberia kwa nguvu. Wakatokea Uajemi, wakavuka bahari hadi huku. Walijenga kanisa, shule na hospitali, wakalima bustani kwa mikono yao. Nimelizungukia kaburi moja moja pale Tengeru mara nyingi, na kila mara nashangaa kwa nini watoto wetu hawafundishwi habari hii.

Wazungu wale hawakuitwa walowezi. Walipokelewa kama wageni wa muda, na vita ilipokwisha wengi wakapelekwa Uingereza, Kanada na Australia. Waliobaki walikuwa wachache mno. Kwa maoni yangu, Mzungu maskini mwenye jembe alikuwa fedheha kwa utawala uliosimama juu ya heshima ya rangi.

Na kambi ile ya Tengeru ikiwa inaelekea kufungwa, mwaka 1951, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki na nyumba zao kuchomwa moto, ili walowezi wapate ranchi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton wa Bermuda, aliyapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Mlima mmoja, serikali moja: mkimbizi anasafirishwa, mwenyeji anafukuzwa, mwenye hati ya shamba anapishwa.

Sheria za baada ya Uhuru, ya 1972 na ya 1995 yenye vibali vya daraja A, B na C, nitazichambua siku nyingine. Amri ya sasa inamkataza mgeni kutengeneza simu, kutuma pesa kwa simu, kununua mazao shambani na kuongoza watalii. Faini haipungui shilingi milioni 10, na kifungo hufika miezi sita. Kazi ya kuongoza watalii wabaki nayo vijana wa Arusha. Hapo sina ugomvi. Lakini biashara ya rejareja imefungwa huku supamaketi zikiachwa wazi, na Mkenya aliyevuka Namanga na bisibisi yake anahesabiwa sawa na mgeni yeyote, ilhali Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki inatumika tangu Julai 2010 na makao makuu ya Jumuiya hiyo yako hapa hapa mjini Arusha.

Naiomba Wizara iwatoe raia wa Afrika Mashariki katika amri hiyo, na wabunge wa Jumuiya walidai jambo hilo katika kikao chao kijacho hapa Arusha.