Hewa mubaya ya shimo: mwili hausikii yote

Mwenzetu anashuka shimoni. Motopompa inanguruma kule chini, inatosha maji. Kisha dakika chache, kamba haitingishiki tena. Wa pili anashuka kumutosha, naye anaanguka. Wa tatu vile vile. Jioni watu wanasema: ni mizimu ya shimo. Hapana, wandugu. Ni hewa. Tujue namna mwili unapima hewa, tutaelewa juu ya nini mutu wa nguvu anaanguka bila kuita.

Hewa ya inje iko na oksijeni karibu 21 kwa mia. Gazi ya karboni, ile tunatoa tukipumua, ni kidogo sana: 0,04 kwa mia. Mwili uko na walinzi wa kupima hizo mbili.

Wamoja wako ndani ya njia za hewa za mapafu. Ni chembe ndogo za mwili, hazifiki 1 kwa mia ya zile zinafunika njia hizo. Nyingi zinakaa kwenye njia panda, pale njia moja inagawanyika mbili. Oksijeni ikipunguka ao gazi ya karboni ikizidi, zinaamsha mishipa ya fahamu, nayo inapeleka habari kwa ubongo.

Wengine wako shingoni, pale mushipa mukubwa wa damu unagawanyika. Mubelgiji Corneille Heymans alipata Zawadi ya Nobel ya 1938 juu ya kuonyesha kazi yao. Wengine tena wako ndani ya ubongo, na hao ni wakali kwa gazi ya karboni.

Lakini sauti zao hazilingani. Gazi ya karboni ikifika 5 kwa mia, unahema sana, kichwa kinauma, unatafuta kutoka. Oksijeni ikipunguka peke yake, kengele inalia polepole: mutu anakuwa sawa mulevi, hana woga. Chini ya 10 kwa mia, anaweza kuzimia mbele ya kujua kama kuna hatari.

Mubaya kupita yote ni monoksidi ya karboni, ile inatoka mu moshi ya mashini. Haina harufu, haina rangi. Inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kupita oksijeni. Walinzi wa shingo wanapima oksijeni ile imeyeyuka ndani ya damu. Hiyo haipunguki, basi wananyamaza. Kule Uingereza, John Scott Haldane alionyesha mu 1896 kama kisha mulipuko wa shimo la makaa ya mawe, gazi hii ndiyo inaua wengi. Wachimbaji wa kule walibeba ndege wadogo hadi 1986, juu ndege anaanguka mbele ya mutu.

Sisi tufanye nini? Motopompa na grupu zikae inje, mbali na mulango wa shimo. Tupulize hewa safi kwanza, kisha mutu ashuke. Mushumaa ukizimika, oksijeni imepunguka. Lakini ukiwaka, hausemi kitu juu ya monoksidi. Mwenzetu akianguka, usimufuate bila hewa yako ya kupumua. Na tuulize wenye shimo: kifaa cha kupima gazi kiko wapi?

Nanyi mama: bwana akirudi na kichwa kinauma kila siku ya pompa, na siku ya kupumzika kinapona, musimupatie kinini tu. Mumuulize mashini iko wapi.