Karani akichoka, mwenye kesi ndiye anayelipa

MUSOMA. Wafanyabiashara wa samaki, pamba na mazao ya chakula wa Musoma, Bunda na Butiama hawanunui kitu bila kuuliza bei. Huuliza bei ya gunia, ya kilo na ya kusafirisha. Wakifika kwa wakili huuliza ada, wakapatana, basi. Ni wachache wanaouliza jambo linaloweza kuwagharimu kuliko ada yenyewe: karani atakayeshika jalada lao ana mkataba wa kazi, anamaliza kazi saa ngapi, na mara ya mwisho alikwenda likizo lini.

Swali hilo si umbea. Biashara ya uwakili ni biashara ya tarehe. Mwenye kiwanja aliyeshindwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Mfanyakazi anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku zikipita, mteja ataanza kwanza kesi ya kuomba aongezewe muda, na huko nako hakuna uhakika. Katika shauri la Calico Textile Industries dhidi ya Pyaraliesmail Premji, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikataa kwamba wakili kutoangalia sheria inavyosema ni sababu ya kutosha ya kuruhusu rufaa iliyochelewa. Kwa maneno mengine, kosa la ofisi ya wakili huhesabiwa kuwa la mteja. Kiwanja kinakwenda, na ada ilikwisha lipwa.

Anayeshika tarehe hizo kwa kawaida si wakili. Ni karani.

Ofisi nyingi za mawakili katika miji midogo kama hii si kampuni kubwa za Dar es Salaam zenye idara ya utumishi. Ni chumba kimoja au viwili, wakili mmoja au wawili, karani, mpiga chapa, na pengine wakili kijana aliyetoka Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo ambaye analipwa kwa kila kesi badala ya mshahara. Karani akiwa na jalada Bunda huondoka Musoma alfajiri, akapita Makutano na kuifuata barabara kuu ya Mwanza hadi mahakamani. Shauri likiahirishwa, anaandika tarehe mpya kwenye karatasi, anapanda gari kurudi, na mezani anakuta kazi ya jana ikimsubiri.

Zamani kazi hiyo ilikuwa na mwisho wake. Masjala ya mahakama ikifungwa, siku imekwisha. Kanuni za mwaka 2018 za kuwasilisha nyaraka kwa njia ya kielektroniki zilibadili hali hiyo, kwa kuwa waraka uliotumwa kabla ya saa 6 usiku huhesabiwa kuwa umewasilishwa siku hiyo. Mwaka 2023 Mahakama ikaanza kutumia mfumo mpya wa kompyuta wa kusimamia mashauri. Kwa mteja hayo ni mafanikio makubwa, hasa kwa yule wa Musoma ambaye huko nyuma Mahakama Kuu yake ilikuwa Mwanza. Lakini kwa mpiga chapa maana yake ni kwamba saa 10 jioni si mwisho wa kazi tena. Mtandao ukisumbua mchana, kazi inahamia usiku, na umeme ukikatika usiku huo, hofu yote ni yake.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Kazi ya ziada haitakiwi kuzidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko ya wiki ikifanyiwa kazi, malipo ni mara mbili. Kati ya kumaliza kazi na kuianza tena panatakiwa kupita saa 12. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Mgonjwa ana siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Aliyefiwa na mzazi, mwenzi au mtoto ana siku 4.

Mawakili wanaijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote. Ndiyo wanayoisoma mbele ya Tume wanapomtetea mlinzi au mfanyakazi wa kiwandani. Kinachoshangaza ni jinsi inavyoweza kusahaulika mwanasheria akigeuka kuwa mwajiri: fundi seremala naye mara nyingi hukalia kigoda kibovu.

Gharama yenyewe si ya kutisha. Chukua mfano wa karani wa mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi. Kwa hesabu ya sheria, saa yake moja ni kama shilingi 2,050. Saa 10 za ziada kwa mwezi ni karibu shilingi 31,000. Mwajiri akichangia asilimia 10 kwa NSSF anatoa shilingi 40,000, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao kiwango chake kwa sekta binafsi kilishushwa hadi asilimia 0.5, unachukua shilingi 2,000 tu. Hiyo 2,000 si ya kudharau. Karani akipata ajali njiani kwenda Bunda kwa kazi ya ofisi, mwenye ofisi aliyejisajili na kuchangia ana Mfuko wa kubeba fidia na matibabu. Asiyechangia atautafuta mfuko wake mwenyewe.

Kuna mzigo mwingine usioandikwa kwenye hati ya malipo. Mashauri ya Mara si mikataba ya mauzo pekee. Yapo ya ardhi yaliyogawanya ndugu, ya wizi wa ng'ombe, ya wanavijiji waliokamatwa ndani ya Hifadhi ya Serengeti, ya mauaji, ya kubaka watoto. Maelezo ya mashahidi na ripoti za uchunguzi wa maiti hupita mikononi mwa mpiga chapa neno kwa neno, na hakuna anayemwuliza amelalaje. Ndugu wa mshtakiwa na ndugu wa marehemu huja mlangoni, na wa kwanza kukutana nao ni yeye.

Tatizo hilo si la Mara peke yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliowahusu mawakili 12,825, ulikuta kwamba karibu asilimia 21 walikuwa na unywaji wa pombe wenye matatizo na asilimia 28 walikuwa na dalili za sonona. Ripoti ya Chama cha Kimataifa cha Wanasheria ya mwaka 2021 ilieleza kwamba asilimia 41 ya waliohojiwa waliogopa kumweleza mwajiri hali yao ya akili wasije wakaharibu kazi. Ikiwa mawakili wenyewe wanaogopa, karani wa mshahara wa laki chache atathubutu vipi?

Huko nje makampuni makubwa hulipia washauri nasaha na kumbi za mazoezi. Musoma haihitaji kuanzia huko. La kwanza ni mkataba wa maandishi na mshahara unaotoka tarehe inayojulikana, maana hakuna ushauri nasaha unaomtuliza mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. La pili ni daftari la tarehe linaloshikwa na watu wawili, ili mmoja akiugua au akifiwa asilazimike kuja kazini na msiba wake. La tatu ni likizo, na hapa mawakili wana bahati ambayo wafanyabiashara wengine hawana: Mahakama huwa na likizo yake kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari. Ofisi inayoshindwa kumpumzisha karani wakati huo haitaweza wakati mwingine wowote. Na baada ya kesi nzito ya mauaji kumalizika, wakili akikaa na watu wake nusu saa, wakanywa chai na kusema yaliyowakaa moyoni, hilo halina gharama zaidi ya maziwa na sukari.

Wenye ofisi wana jibu moja ambalo ni la kweli: fedha haziji kwa mwezi. Bunda, mkulima na mnunuzi mdogo wa pamba huahidi kulipa msimu ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei. Mwenye mitumbwi huahidi kulipa dagaa wakishika. Kwa hiyo mshahara wa karani unaning'inia kwenye mvua na mwezi wa ziwani. Mteja huyo huyo ndiye anayepiga simu Jumapili saa 3 usiku kuuliza kesi imefikia wapi, na akikosa jibu husema ofisi hii haifai.

Dawa inayowezekana ni makubaliano ya ada ndogo ya kila mwezi kwa wateja wa kudumu, yaani wenye maduka, maghala na magari, badala ya donge moja linalosubiri mavuno. Mfanyabiashara anapata mtu wa kumsomea mikataba kabla ya kutia saini, na ofisi inapata fedha ya kulipa mshahara tarehe 28. Makubaliano hayo yakitaja pia saa za kupiga simu, pande zote zinalala.

Kwa mwenye mtaji mdogo anayetafuta wakili sasa, yapo mambo matatu ya kuuliza pamoja na ada. Nani anashika tarehe za kesi yangu, na nani mwingine anazijua asipokuwepo? Karani huyu ameajiriwa hapa tangu lini? Ofisi inapokea simu mpaka saa ngapi? Ofisi inayobadilisha makarani kila baada ya miezi michache itajibu la pili kwa shida. Jalada linalopita mikono mitatu ndani ya mwaka mmoja lina nafasi tatu za kupotea, na zile siku 45 za rufaa ya kiwanja zinahesabiwa tangu siku ya uamuzi, hata kama karani mpya bado anatafuta ufunguo wa kabati.