Unyayo Unaoishia Tumboni

Ng'ombe wakiibwa usiku huku kwetu Mbalibali, wilayani Serengeti, watu hawaanzi kwa kuuliza jina la mwizi. Wanatazama chini. Unyayo hufuatwa mashamba kwa mashamba hadi kijiji cha jirani, na wenyeji wa huko hutakiwa waonyeshe ulikotokea. Ukipotelea kwao, wao ndio wa kujibu.

Matumboni mwetu nako kuna msako wa namna hiyo. Humo wamo bakteria wasiohesabika, pamoja na virusi vinavyowawinda wao tu, visivyoshambulia chembe za mwili wa mtu. Félix d'Hérelle aliviita bakteriofaji mwaka 1917. Vingine humwingia bakteria, vikazaliana mpaka akapasuka. Vingine hupachika vinasaba vyao ndani ya vinasaba vyake na kutulia. Bakteria akigawanyika, navyo vimeongezeka.

Utajuaje kirusi kipi kilimpitia bakteria yupi? Baadhi ya bakteria wanaonusurika hukata kipande cha vinasaba vya adui na kukiweka akiba, wamtambue akirudi. Mtafiti akikuta kipande kilekile kwa bakteria na kwa kirusi, ameshika unyayo. Mwaka 2023 watafiti waliosoma vinasaba vya kinyesi cha Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kusini mwa Serengeti, pamoja na vya watu wa Nepal na California, walikusanya jenomu 91,662 za bakteria, virusi vyao na viumbe wengine. Asilimia 44 hazikuwamo katika kumbukumbu zilizokuwapo. Jirani zetu wamebeba viumbe ambao sayansi ilikuwa haijawaona!

Lakini unyayo unaonigusa zaidi ni wa kipindupindu. Ile sumu inayomkausha mgonjwa kwa kuharisha maji matupu, bakteria hakuwa nayo tangu asili. Aliletewa na kirusi. Matthew Waldor na John Mekalanos walilithibitisha hilo mwaka 1996. Bakteria wa kipindupindu akishafika tumboni huotesha vinyweleo vya kujishikiza kwenye utumbo, asisombwe. Kirusi hushika vinyweleo hivyohivyo, kikaingia, na bakteria ambaye jana hakuwa na sumu leo anayo. Kwenye matumbo ya panya wachanga, kirusi hicho kilihama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine kwa wepesi kuliko kwenye vyombo vya maabara, kwa sababu mlango wake hufunguka tumboni.